Antena ya Redio Katika Gari la Wagonjwa: Kuichagua, Kuifunga na Kuitunza

Wilaya ya Ludewa ina nyuso mbili. Juu kuna nyanda za baridi zenye mashamba na mabonde. Chini, kandokando ya Ziwa Nyasa, kuna vijiji vya kata kama Lupingu, Kilondo na Lumbila, vilivyobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali migongo ya milima hiyo hupita mita 2,000. Katika mteremko mkali namna hiyo, mtandao wa simu unaweza kupatikana kwenye kona moja ya barabara na kutoweka kwenye kona inayofuata. Gari la wagonjwa likiwa njiani na mama mwenye uchungu pingamizi, muuguzi aliye ndani hana budi kuiarifu hospitali mapema ili chumba cha upasuaji kiandaliwe na damu itafutwe. Asiposikika, maandalizi huanza baada ya gari kufika getini, na muda uliopotea haurudi.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa namba 115 bila malipo, ni msaada mkubwa kwa akina mama wajawazito, lakini nao hutegemea simu kupata mtandao. Pale ambapo simu haishiki, njia iliyobaki ni redio ya mawasiliano, ambayo wengi huiita redio koli. Chombo hiki nacho hulaumiwa mara kwa mara kwamba hakisikiki, na baadhi ya watu hushauri kinunuliwe kingine chenye nguvu zaidi. Hata hivyo, kasoro mara nyingi haimo ndani ya redio. Iko nje, juu ya gari: katika antena, mahali ilipofungwa, na waya unaoiunganisha na redio.

Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa utaratibu, ili wananchi, madereva, mafundi na wajumbe wa kamati za kata waweze kutambua kazi iliyofanywa vizuri na iliyolipuliwa.

Nguvu ya redio si jibu la kila kitu

Redio nyingi za magari hutuma mawimbi kwa nguvu ya wati 25 hadi 50. Ni rahisi kudhani kwamba wati 50 zitafika mbali mara mbili ya wati 25. Sivyo ilivyo. Kuongeza nguvu maradufu huleta tofauti ndogo tu katika sikio la msikilizaji, wakati antena iliyofungwa mahali pabaya inaweza kupoteza zaidi ya nguvu yote iliyoongezwa. Tena, redio yenye nguvu humsaidia anayetuma peke yake. Antena nzuri husaidia pande zote mbili, kwa kuwa ndiyo inayotuma na ndiyo inayopokea.

Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio nyingi za huduma, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo urefu wa antena kutoka ardhini una maana kubwa. Katika eneo tambarare, antena ya gari iliyo mita 2.5 kutoka ardhini na antena ya kituo iliyo juu ya mlingoti wa mita 30 zinaweza kuonana kwa umbali wa kilomita 29 hivi. Antena hiyo ya gari ikishushwa hadi kwenye bampa, kiasi cha mita 1 kutoka ardhini, umbali huo hupungua hadi kilomita 27 hivi, na zaidi ya hapo mwili wa gari huziba mawimbi ya upande mmoja. Mlima ukisimama katikati, umbali huo hauna maana tena. Hutegemewa ripita, yaani kituo kilichowekwa kileleni ili kupokea sauti kutoka upande mmoja na kuirusha upande wa pili.

Kuchagua urefu na aina ya antena

Antena si fimbo yoyote ya chuma. Urefu wake hufuata masafa ambayo redio imepangiwa. Kanuni ni nyepesi: gawanya 300 kwa masafa yaliyohesabiwa kwa megahezi, na jibu ni urefu wa wimbi kwa mita. Kwa masafa ya megahezi 150, wimbi lina urefu wa mita 2. Antena ya robo wimbi itakuwa na nusu mita, na kwa vitendo hukatwa ikawa fupi kidogo, kama sentimita 47 au 48.

Kwa gari la eneo la milima, antena hiyo ya robo wimbi ndiyo chaguo la kwanza. Ni fupi, haikamatwi sana na matawi, na hutawanya mawimbi kwa upana hata kuelekea juu. Sifa hiyo ya mwisho ni muhimu pale gari linapokuwa bondeni na ripita iko kileleni.

Ipo pia antena ndefu zaidi, ya sehemu tano kati ya nane za wimbi, ambayo kwa masafa hayo hukaribia mita 1.2. Hiyo huelekeza nguvu zaidi kwenye upeo wa macho, hivyo hufaa nyanda zilizo wazi. Katika barabara ya mashimo na miteremko hupoteza ubora wake: gari linapoinama, mawimbi nayo huinama, na sauti huja na kukatika. Matawi nayo huichapa mpaka ikapinda au ikakatika.

Aina ya tatu ni ya nusu wimbi, yenye urefu wa karibu mita 1. Hii haihitaji bati kubwa chini yake. Kwa sababu hiyo hufaa gari lenye paa la turubai au la faiba, na hufaa pia boti ya mbao au ya faiba inayobeba wagonjwa ziwani.

Aina yoyote itakayochaguliwa, fimbo ya chuma cha pua inayonesa na springi ngumu chini yake huvumilia safari za porini kuliko fimbo isiyopinda. Springi laini kupita kiasi haifai, kwa kuwa antena hulala gari linapokwenda kasi, na antena iliyolala haisikilizani vizuri na iliyosimama wima.

Mahali pa kuifunga

Antena ya robo wimbi ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni bati la gari lililo chini yake. Bati hilo hufanya kazi kama kioo kinachoikamilisha antena. Ndiyo maana mahali bora kuliko pote ni katikati ya paa la chuma. Hapo antena iko juu kuliko sehemu nyingine za gari, bati limeizunguka pande zote, na mawimbi hutoka kwa usawa mbele, nyuma na kando.

Ikifungwa kwenye madigadi au pembeni mwa boneti, bado itafanya kazi, lakini mawimbi yatakuwa na nguvu zaidi upande ambao bati ni kubwa na hafifu upande wa pili. Ikifungwa kwenye bampa au kwenye ngao ya mbele, mwili wa gari utaziba sehemu kubwa ya mawimbi yanayokwenda nyuma. Dereva anaweza kusikika vizuri akielekea hospitalini, kisha asisikike kabisa akiipa hospitali kisogo.

Magari mengi ya porini yana keria juu ya paa, na magari ya wagonjwa yana taa za dharura na king'ora. Vyuma hivi vikiwa karibu mno huharibu utendaji wa antena. Inafaa kuacha nafasi ya angalau nusu mita kati ya antena na upau wa taa. Keria ikiwa imefunika paa lote, antena inaweza kuwekwa kwenye kishikizo imara juu ya keria, mradi kuwe na mawasiliano mazuri ya umeme kati ya keria na bodi. Rangi na kutu huzuia mawasiliano hayo, hivyo huhitajika mkanda wa nyaya za shaba zilizosukwa kuunganisha vyuma hivyo viwili. Ikiwa hilo haliwezekani, antena ya nusu wimbi ni bora kwa nafasi hiyo.

Kutoboa paa au kutumia sumaku

Wapo wanaosita kutoboa paa la gari la umma. Hofu hiyo inaeleweka, lakini tundu lililotobolewa na fundi stadi huleta kiungo imara kuliko vyote. Kazi yenyewe ina hatua nne. Kwanza, kitambaa cha dari hushushwa ili kuhakikisha hakuna waya wala mhimili mahali palipochaguliwa. Pili, tundu hutobolewa kwa kipimo cha kitako cha antena. Tatu, rangi hukwanguliwa kwa ndani kuzunguka tundu mpaka chuma cheupe kionekane, ili kitako kishike bodi. Nne, sehemu iliyokwanguliwa hupakwa grisi ya kuzuia kutu, na mpira wa kuzuia maji hukazwa kwa nje. Hatua ya tatu ikirukwa, antena itaonekana imefungwa vizuri machoni, lakini itakuwa imekosa nusu yake ya pili.

Kitako cha sumaku kinafaa kwa gari la kukodi, kwa kazi ya muda, au kwa majaribio ya kutafuta mahali pazuri. Hakifai kuwa suluhisho la kudumu katika barabara za mashambani. Tawi moja huweza kukiangusha, vumbi la chuma hukwaruza rangi, na waya unaopitishwa mlangoni hubanwa kila mlango unapofungwa. Ikumbukwe pia kwamba sumaku haishiki alumini wala faiba.

Waya wa antena na umeme wa redio

Waya wa antena una kiini cha shaba katikati na wavu wa shaba unaokizunguka, vikitenganishwa na plastiki. Waya mwembamba unaotumiwa sana katika magari, ukiwa na urefu wa mita 5, hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu katika masafa ya VHF. Kwa hiyo ukatwe kwa urefu unaotosha safari yake, usiachwe ukiviringishwa nyuma ya kiti. Usipindwe kwa kona kali, usipite karibu na ekzosi, na usibanwe na bawaba.

Adui mkuu wa waya huu ni maji. Yakiingia kwenye kiungo, hupenya taratibu ndani ya wavu, shaba hugeuka nyeusi, na sauti hufifia siku baada ya siku bila mtu kutambua chanzo. Waya uliofikia hali hiyo haukaushwi, hubadilishwa.

Umeme wa redio uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri ili waya ukichubuka usiwashe moto. Redio ya wati 50 inapotuma huvuta umeme wa ampea 10 au zaidi. Tundu la kiberiti cha gari na nyaya nyembamba havikuandaliwa kwa kazi hiyo. Fundi ahakikishe pia kama gari ni la volti 12 au 24, kwa kuwa redio ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 huungua.

Kupima kabla ya kulipokea gari

Antena ikishafungwa, haitoshi fundi kusema "imeshika." Kuna mita ndogo inayowekwa kati ya redio na antena, ambayo huonyesha kiasi cha nguvu kinachorudishwa na antena badala ya kurushwa hewani. Kipimo cha 1 kwa 1 ndicho ukamilifu. Kikiwa 1.5, nguvu inayorudi ni asilimia 4 tu, na hiyo ni kazi nzuri. Kikiwa 2, inayorudi ni asilimia 11. Kikifika 3, robo nzima ya nguvu hurudi, na redio nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiharibike.

Kipimo hiki hufanywa gari likiwa mahali wazi, mbali na mabati na kuta, milango ikiwa imefungwa, na katika chaneli ya chini, ya kati na ya juu. Ikiwa kipimo ni kizuri chini na kibaya juu, antena ni ndefu mno, nayo hupunguzwa milimita chache kwa wakati mmoja. Hakuna sababu ya kuharakisha, kwa kuwa kipande kilichokatwa hakirudishwi.

Jaribio la pili huhitaji sikio tu. Injini iwashwe, kisha taa za dharura ziwashwe na kuzimwa huku redio ikisikiliza kituo cha mbali. Mkoromo ukiongezeka taa zinapowaka, taa au nyaya zake zinatoa mwingiliano, na dosari hiyo irekebishwe kabla gari halijaanza kazi. Gari la wagonjwa lisilosikia wakati taa zake zinawaka linakuwa kiziwi saa ile ile linapohitajika.

Pale ambapo mlima hauna ripita

Zipo sehemu ambazo VHF haitafika hata antena ikiwa bora. Huko hutumika redio za HF, yaani mawimbi mafupi, ambazo kwa miongo mingi zimeunganisha misheni, hifadhi na zahanati za mbali Afrika Mashariki. Mawimbi haya yakielekezwa juu hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudi ardhini, yakiruka mlima kana kwamba haupo. Mchana hutumika masafa ya juu kidogo, usiku ya chini, kwa sababu tabaka hilo hubadilika jua linapotua.

Tatizo ni urefu. Kwa megahezi 5, robo wimbi ni mita 15, na hakuna gari linaloweza kubeba fimbo hiyo. Antena za HF za magari huwa na mita 2 au 3 pamoja na koili inayofidia upungufu. Kwa hiyo hudai ufungaji wa makini zaidi: kitako imara, na mikanda ya shaba inayounganisha bodi, chesisi na boneti. Gari likiwa limesimama, fimbo ndefu inaweza kuinamishwa kuelekea nyuma juu ya paa ili mawimbi mengi yaende juu, na vituo vya ng'ambo ya mlima visikike vizuri zaidi.

Leseni na usalama

Masafa ya redio ni mali ya umma. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayoyagawa na kuyasimamia, na matumizi yake huongozwa pia na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio isifungwe wala isiwashwe katika masafa ambayo mmiliki wake hakupewa. Kuingilia masafa ya wengine kunaweza kuziba wito wa dharura wa mtu usiyemjua.

Mtu yeyote asishike antena redio inapotuma. Antena ya HF hasa huunguza ngozi. Gari lenye fimbo ndefu lisiegeshwe chini ya nyaya za umeme. Radi inapokuwa karibu, antena isiguswe.

Wajibu wa wananchi

Kufunga antena ni kazi ya fundi, lakini kuitunza ni kazi ya wengi. Wanaopakia mizigo juu ya keria wasifunge kamba kwenye antena wala kuilaza chini ya magunia. Watoto waelimishwe wasiivute gari linapoegeshwa zahanati. Dereva aikague kila asubuhi: kitako kimekaza, mpira haujapasuka, waya haujachubuka. Kisha apige wito wa majaribio kabla ya kuondoka, si baada ya kufika bondeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta; kiungo kilicholegea leo hukazwa kwa dakika 5, lakini kikiachwa mpaka masika maji huharibu waya mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi hulijua kuliko fundi yeyote: mahali ambapo mawasiliano hupotea. Kona ipi redio hunyamaza, mwamba upi ukipitwa sauti hurejea, kilima kipi mtu akisimama hupata mtandao. Serikali za vijiji zinaweza kuorodhesha sehemu hizo na kuziwasilisha kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Kwa orodha hiyo dereva atajua asimame wapi kutoa taarifa kabla ya kuingia kimya, na Kamati ya Maendeleo ya Kata itakuwa na hoja yenye ushahidi pale inapoomba ripita au redio ya HF.

Mwisho, gari linaporejeshwa kutoka karakana, wajumbe wanayo haki ya kuuliza maswali matatu: antena imefungwa wapi, mita imesoma kiasi gani, na jaribio limefanywa kutoka sehemu gani ya kata. Majibu yakiwa ya wazi, muuguzi atakayeshuka na gari hilo kuelekea ziwani atakuwa na uhakika kwamba akiita, hospitali itamsikia.